Kazi ya Mwandishi wa Habari Siku Hizi
(Hotuba iliyosomwa kwenye mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nimetakiwa niseme juu ya kazi niliyoifanya tangu nilipoondoka hapa mpaka nilipostaafu, yaani uandishi wa habari, na kama bado ina haja sasa ambapo kila mtu ana simu yenye kamera mfukoni. Sitazunguka mbali. Nitaanzia kwetu Busawe.

Wenzangu mnaikumbuka redio. Mwaka 1973, wakati wa kampeni ya "Mtu ni Afya", watu wapatao milioni mbili nchini walikaa vikundi vikundi wakasikiliza Redio Tanzania, wakajadiliana, kisha wakashika majembe kuchimba vyoo. Ilikuwa kazi kubwa. Lakini tusiipambe mno: redio ile ilituletea neno la Serikali, swali la mkulima halikuwa na njia nyepesi ya kurudi Dar es Salaam.

Leo njia ipo. Tembo wakitoka hifadhini usiku wakaingia mashambani, kabla hakujapambazuka picha imekwisha fika Mwanza. Msimu mmoja nililetewa picha ya tembo katikati ya mahindi, imeandikwa "Busawe". Nikapanda pikipiki. Mwenye shamba alikuwa mama mjane, mtama wake umelala chini wote. Mahindi hakupanda mwaka ule! Picha ilikuwa ya mahali pengine. Tembo walikuwa wa kweli na hasara ilikuwa ya kweli, ila ushahidi ulikuwa wa uongo, na ofisa yeyote angeweza kuutupa pamoja na madai ya yule mama.

Kanuni za mwaka 2011 za kifuta jasho ziliweka malipo kwa ekari, na kwa umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi. Basi yule mama alihitaji mtu wa kupima shamba, kuandika tarehe, kuuliza fomu imekwama meza ya nani, halafu kurudi baada ya miezi mitatu kuuliza tena. Picha ilikuwa imepita katika simu za watu wengi, wakacheka, wakasikitika, wakaipeleka mbele. Sikukuta hata mmoja aliyekuwa amefika shambani.

Kwenda na kuuliza kuna gharama yake, nayo si nauli tu. Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea aliyeliandikia gazeti la Mwananchi habari za mauaji ya Kibiti na Rufiji, alichukuliwa na watu wasiojulikana tarehe 21 Novemba 2017. Hajarudi nyumbani. Nalitaja jina lake hapa kwa sababu vijana huniuliza kama kazi yetu haikuchukuliwa na simu.

Ndugu Mwenyekiti, nina ombi moja. Zamani tulikuwa na gazeti la ukutani karibu na bwalo. (Nakiri kuwa habari zake nyingi zilihusu maharage.) Chama chetu kiwanunulie wanafunzi madaftari na futi kamba, gazeti lile lifufuliwe. Nauli ya safari ya kwanza, ya Busawe, nitaitoa mimi. Yule mama bado anangoja majibu.