Kuku na Njiwa katika Kiwanja Kidogo

Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano mkuu wa mwaka



Tumeagizwa na halmashauri tuseme machache juu ya ufugaji wa kuku na njiwa kwa chakula cha nyumbani. Huenda mtu akaona jambo hili ni dogo mno kwa mkutano mkuu. Lakini mashamba yetu ya Migori na Homa Bay yamegawanywa baba kwa mwana, hata wengi wamebakiwa na kiwanja cha nyumba tu. Upande wa Awendo muwa umeshika sehemu kubwa ya ardhi, nao hukaa shambani mwaka mmoja na nusu au zaidi kabla ya kukatwa. Tumbo la mtoto halingoji muda huo. Kuku huatamia siku 21, na njiwa siku kama 18.

Kwanza tutaje adui. Mdondo, ambao wengine huuita kideri, ulitambuliwa mwaka 1926 huko Java na katika mji wa Newcastle, Uingereza. Kufikia mwaka 1935 ulikuwa umeonekana Mombasa, na tangu hapo umetutembelea mara kwa mara. Kuku husinzia, huhema kwa shida, huharisha kijani, na shingo hupinda. Waweza kumaliza karibu kundi zima kwa siku chache, wala hauna dawa ya kuuponya. Una kinga tu, nayo ni chanjo inayotengenezwa hapa hapa Kenya: tone moja katika jicho la kuku mzima, na kurudiwa kila miezi mitatu.

Basi mbona wengi wetu hatuchanji? Kwa sababu chupa ndogo aghalabu ni ya kuku mia, na mwenzetu ana kuku saba. Tena chanjo hutaka kuhifadhiwa katika baridi, na ikiisha kuchanganywa na maji yake haina budi kutumika upesi, kwa muda wa saa mbili hivi. Mtu mmoja hawezi kununua chupa nzima ili aimwage. Lakini nyumba kumi na tano zikichanga na kukutana asubuhi moja, gharama ya kila nyumba huwa ndogo, wala hapana tone linalopotea. Hii ndiyo kazi ya chama. Kuku wa jirani asiyechanjwa ni mlango ulioachwa wazi kwa sisi sote.

Liko na jambo la aibu, nasi twaomba wazee walikemee. Mtu akiona kuku wake wameanza kusinzia, huwakimbiza sokoni Oyugis au Rongo kabla hawajafa. Hapo hupata shilingi chache, na ugonjwa hupata safari ya bure hadi nyumba ya mwenziwe. Kuku mgonjwa asiuzwe. Aliyekufa achomwe au afukiwe chini sana. Na kuku aliyenunuliwa afungwe peke yake wiki mbili kabla ya kuchanganywa na wengine. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Nasi twasema kamba hiyo ina faida yake.

Juu ya malisho hatutasema mengi. Pumba za mahindi, mtama, na omena kidogo waliosagwa hutosha kuongezea yale kuku ayaokotayo mwenyewe. Omena wakizidi, nyama na mayai hunuka samaki. Vifaranga wawekwe chini ya tenga majuma ya kwanza, kwani mwewe hahitaji kualikwa.

Njiwa hutaka nafasi ndogo zaidi. Huishi dume na jike, hutaga mayai mawili, na wote wawili huatamia kwa zamu. Makinda hulishwa na wazazi maji mazito meupe yatokayo kooni mwao, na yakitimia wiki nne hivi, kabla ya kuruka, huwa nyama laini ya kufaa wagonjwa na watoto. Kizimba kiwe juu ya nguzo iliyozungushiwa bati, paka na panya wasipande. Kisikae juu ya banda la kuku, maana njiwa naye hushikwa na mdondo na aweza kuuleta kutoka mbali. Tena njiwa hajui mpaka: mtama wa jirani ukianza kuiva, mwenye njiwa na awalishe nyumbani, wasije wakaleta ugomvi.

Mwisho, tunasema kwa heshima. Zamani katika nyumba nyingi za kwetu wanawake hawakula kuku wala mayai, na hata leo kuku bora hungoja mgeni. Kumheshimu mgeni ni jambo jema, wala hatulipingi. Lakini mama mjamzito na mtoto aliyeacha ziwa wanahitaji yai kuliko mgeni ahitajivyo paja. Neno hilo likitoka kinywani mwa mzee litasikiwa. Likitoka kwa karani litachekwa.

Kwa hiyo twaomba mkutano huu ukubali mambo matatu: siku moja ya chanjo kila miezi mitatu, pamoja na afisa wa mifugo, marufuku ya kuuza kuku wagonjwa, na yai kwa mtoto kabla ya soko. Tumesema. Wazee na wapime.