Kiti cha Banquo: Hatia na Mzuka katika Makbeth Machoni pa Watu wa Mwanza



Katika Makbeth, tamthilia ya Shakespeare aliyoitafsiri S. S. Mushi mwaka 1968, kuna jibu moja ambalo naomba tulitafakari leo. Makbeth, mfalme mpya, ameandaa karamu. Ametuma watu wamuue rafiki yake Banquo, na mmoja wao amekuja na damu usoni kumwarifu kwamba kazi imekwisha. Mfalme anageuka aketi, anakuta kiti kimekaliwa na marehemu. Haombi radhi. Neno lake la kwanza kwa mzuka ni kwamba usimsingizie, si yeye aliyefanya.

Jibu hilo tunalijua huku Usukuma. Tunawajua wakata mapanga, wauaji wa kukodiwa. Tunawajua vikongwe waliouawa kwa kuitwa wachawi, eti kwa kuwa macho yao ni mekundu, wakati wekundu ule ni wa moshi wa kuni na samadi walizopikia maisha yao yote. Na nyuma ya panga huwapo aliyelipa, ambaye usiku ule alikuwa kwake, amekula, amelala.

Ndiyo maana naumia mwanafunzi anapoandika kwamba wachawi watatu ndio waliomponza Makbeth. Tusome tena. Wachawi wanamtabiria ufalme. Hakuna anayemwambia aue. Wazo la kuua limezaliwa kifuani mwake, mkewe akalilea. Darasani Magu au Misungwi, kuwatwisha wachawi hatia hiyo ni zaidi ya kukosa swali la mtihani. Ni fikra ileile inayopeleka mapanga kwa wajane.

Kanda hii imeona pia kinyume cha kukana: mtu kubeba hatia ya wengine. Katika msako wa wauaji hao wa vikongwe Mwanza na Shinyanga, watuhumiwa walifia mikononi mwa vyombo vya dola. Mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani, akajiuzulu, ingawa mkono wake haukumgusa mtu. Makbeth alituma, akakana. Mwinyi hakutuma, akabeba.

Sasa twende jukwaani, tukiigiza karamu hiyo. Tusimvike mtu shuka nyeupe tukamwita mzuka. Wageni wa karamu hawaoni kitu, basi nasi tuone kiti kitupu na uso wa Makbeth. Kabla ya hapo, binti apite na jagi na beseni, awanawishe wageni mmoja mmoja kama tunavyofanya kabla ya ugali na sato. Akifika kwa mwenyeji, Makbeth anyooshe mikono, kisha airudishe. Usiku alipomuua Mfalme Duncan alijiuliza kama bahari nzima ingemsafisha, akaona mkono wake ndio ungeigeuza bahari kuwa nyekundu. Mkewe alimwambia maji kidogo yanatosha. Ni mkewe huyohuyo ambaye baadaye anatembea usingizini, akisugua viganja visivyo na doa.

Hapo binti arudi na beseni lilelile, kavu, asimame kando yake mpaka taa zizimwe.