Akiba ya Uzeeni na Amani ya Nyumbani



Tangu sheria ya mwaka 2022, mwanachama wa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii hapa Uganda aliyetimiza miaka 45, na kuchangia kwa miaka 10, aweza kuchukua hadi asilimia 20 ya akiba yake. Umri huo ndio wa karo za watoto na dawa za wazazi kwa pamoja, hatumlaumu anayeichukua. Tunayoyapokea kwenye dawati la familia ni mengine: fedha zimetolewa kwa siri, mke amepata habari kwa jirani, ugomvi umeletwa kwetu usiku wa manane. Kabla ya kutia saini, waambieni wenzi wenu. Na akija mtu akidai ada ili aharakishe malipo, msimpe hata shilingi, njooni kituoni.