Tundu la Chini Halishindi Kila Mara

Msimu wa marudio umefika. Pita jirani na shule yoyote utasikia kwaya: maada ni kitu chochote chenye masi na kinachochukua nafasi, maada ina hali tatu, maji huchemka kwenye nyuzi 100. Mwalimu anagonga ubao, watoto wanaitikia, na mzazi apitaye njiani anaridhika kwamba kazi inafanyika.

Sina ugomvi na kukariri. Mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari kwa sehemu kubwa ni wa kuchagua jibu, na asiyekumbuka hana cha kuchagua. Ugomvi wangu ni na hizo nyuzi 100. Mji wa Kalemie uko zaidi ya mita 770 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa inakandamiza maji kidogo kuliko ile ya pwani, kwa hiyo maji yetu ya chai huchemka yakifika nyuzi 97 na ushee. Mtoto akitumbukiza kipimajoto chunguni akaandika 97, atakatwa alama, ingawa darasa zima ni yeye peke yake aliyepima. Kitabu hakikusema uongo. Kilizungumzia usawa wa bahari, na maneno hayo yakadondoka njiani kitabu kilipokuwa kinanakiliwa ubaoni.

Haya, tuache ubao, twendeni Manono kwenye machimbo ya bati. Mchimbaji amesimama ndani ya maji hadi magotini, karai mikononi. Analizungusha, analiinamisha, analitikisa kidogo. Mchanga mweupe unateleza ukingoni na kwenda zake, na chini unabaki unga mweusi. Ni kasiterite, mawe ya bati. Huenda mtu huyu hajawahi kusikia habari za densiti, lakini viganja vyake vinaijua. Sentimita moja ya ujazo ya kasiterite ina gramu karibu 7. Ya kwatsi, lile jiwe jeupe la kawaida, ina gramu 2.65 tu.

Mwalimu anayetaka kurudia somo la tabia za maada angeazima mizani kwa mnunuzi wa mawe. Apime gramu 700 za kasiterite na gramu 700 za kwatsi. Ajaze chombo maji pomoni, azamishe fungu moja, akinge maji yanayomwagika, kisha afanye vivyo hivyo kwa la pili. Kasiterite itamwaga mililita 100 hivi. Kwatsi itamwaga kama 264. Masi ni ileile, nafasi siyo. Kwa maoni yangu, kipindi kimoja cha namna hiyo kinashinda wiki nzima ya kwaya.

Tena kuna jiwe la tatu. Spodumeni nayo ni nyeupe au kijivu, na sentimita yake ya ujazo ina gramu 3.1 hadi 3.2. Ndiyo yenye lithiamu. Miaka mingi mgodi wa Manono ulipokuwa unatafuta bati, jiwe hilo lilimwagwa kwenye vilima vya mabaki, na leo dunia inavitolea macho vilima hivyohivyo kwa sababu ya betri. Kwa rangi tu, utalichanganya na kwatsi. Kwenye chombo chetu, gramu 700 za spodumeni safi zitamwaga mililita 220 na kidogo. Lakini tusivuke mipaka: koltani, jiwe jingine zito, na kasiterite huwezi kuzitenga kwa maji na mizani peke yake, maana densiti zao zinaingiliana. Hapo unahitaji tabia nyingine, kwa mfano sumaku kali, ambayo koltani huitikia walau kidogo.

Kupima ni nusu ya sayansi. Nusu ya pili ni kujua umebadilisha nini, na hapo ndipo shule zetu zinapojikwaa. Piana-Mwanga inatufaa kwa mfano. Santrali ya umeme ya pale ilijengwa miaka ya 1930 kwenye maporomoko ya Luvua, mto utokao ziwa Mweru ukaenda kukutana na Lualaba pale Ankoro. Kampuni ya Géomines iliihitaji kuendesha mgodi wa bati wa Manono. Nguvu ya santrali ya namna hiyo inategemea mambo mawili: maji kiasi gani yanapita kila sekunde, na yanaanguka kutoka kimo gani. Mita moja ya ujazo kila sekunde, ikianguka mita 10, ina nguvu ya kilowati 98 kabla mitambo haijachukua sehemu yake. Kiangazi maji yakipungua na kimo kikabaki kilekile, unajua wa kumlaumu. Vikibadilika vyote viwili kwa pamoja, bila kupima utabaki kubahatisha.

Sasa chukua chupa ya plastiki. Vitabu vingi vina picha yake: matundu matatu, la juu, la kati na la chini, na maji ya tundu la chini yanaruka mbali kuliko yote. Watoto wameichora picha hiyo kizazi baada ya kizazi. Hebu itoboeni chupa kwa msumari mmoja ili matundu yalingane, muisimamishe sakafuni, na mtu mmoja awe anaongeza maji ili isipungue. Linaloshinda ni tundu la kati! La chini linatoa maji kwa kasi kubwa zaidi, ni kweli, lakini maji yake yanagusa sakafu kabla hayajafika popote.

Kosa liko wapi? Tundu lilipohamishwa, vilibadilika vitu viwili: kina cha maji yanayosukuma kutoka juu, na kimo ambacho maji yanaanguka baada ya kutoka. Umbali tunaoupima unasikiliza vyote viwili. Anayetaka kujua kazi ya kina peke yake atoboe tundu moja tu, aache chupa pale pale, abadilishe usawa wa maji: sentimita 5 juu ya tundu, kisha 10, kisha 20. Tundu halibadiliki, sakafu haibadiliki. Atakuta kwamba kutoka 5 hadi 20, yaani mara nne, umbali unaongezeka karibu mara mbili tu. Mwambieni mtoto akisie kwanza, ndipo apime. Wengi watasema mara nne.

Najua jibu la walimu: hatuna maabara. Kweli hamna, na wenye mamlaka ya elimu katika jimbo hili hawapaswi kujificha nyuma ya chupa ya plastiki ili wasinunue vipimajoto na mizani. Naomba tu mkaguzi anapoingia darasani aache kuhesabu kurasa za daftari la mwalimu, amuulize mwanafunzi mmoja: ulibadilisha nini, ulipima nini, na ni kipi ulichokiacha kama kilivyo? Tena swali hilo lingetusaidia hata sisi wa redioni. Mkulima akipiga simu kusifu mbegu mpya, nami husahau kumuuliza kama mvua ya mwaka huu ilikuwa sawa na ya mwaka jana.

Nawaachia kazi, ninyi wa Piana-Mwanga na popote mnaponisikia. Ipandisheni ile chupa ya matundu matatu juu ya stuli iliyo ndefu kuliko chupa yenyewe. Safari hii tundu la chini litashinda, na picha ya kitabuni itakuwa kweli. Kisha tafuteni stuli fupi zaidi, na nyingine fupi kuliko hiyo, mpaka mjue ni kimo gani ambapo tundu la kati linaanza kushinda. Andikeni vipimo vyenu, mvilete studio.