Umeme wa Tumbo kwa Wagonjwa wa Vidonda: Tatizo la Mgonjwa Asiyetulia



Fasili nitazipitia mbio, kwani kila aliyemo ukumbini anazijua. Kidonda cha tumbo ni jeraha lililopenya utando wa ndani. Visababishi vikuu ni bakteria Helicobacter pylori na dawa za maumivu kama diklofenaki na aspirini. Mawimbi ya umeme wa tumbo huanzishwa na seli za Cajal, takriban 3 kwa dakika. Walter Alvarez aliyarekodi juu ya ngozi ya binadamu mwanzoni mwa miaka ya 1920. Basi.

Linaloninyima usingizi ni mgonjwa asiyetulia wakati wa kurekodi. Ishara inayofika kwenye elektrodi tunazobandika juu ya tumbo ni mikrovolti 50 hadi 500 tu, na wimbi moja huchukua sekunde 20. Ndani ya muda huo mtu akikohoa, akicheka au akivuta shuka, mstari wa rekodi huruka juu kuliko wimbi lenyewe. Mapigo ya moyo tunayachuja kwa sababu kasi yake iko mbali. Mijongeo ya mwili haina kasi maalumu. Hujipenyeza humohumo kwenye masafa ya tumbo, na kichujio kinachoiondoa huondoka na wimbi pia.

Sasa tazameni tunayemlaza. Mwenye kidonda amefunga tangu usiku, tumbo linamchoma, nasi tunamtaka alale kama gogo kwa nusu saa au zaidi. Mzima tunayemlinganisha naye hana kinachomsumbua, pengine anasinzia. Mawimbi ya mgonjwa yakivurugika, tunaandika kwamba kidonda kimevuruga umeme. Yawezekana. Yawezekana pia ni kiuno kilichokuwa kikitafuta nafuu. Programu ya kuchambua rekodi haituamulii: ipe takataka, itakupa asilimia ya mawimbi ya kawaida yenye desimali, nayo itaingia kwenye jedwali huku mstari ghafi ukifutwa. Nimeyasema haya vikaoni mara nyingi. Hujibiwa kwamba “yamezingatiwa.”

Sidai kwamba kidonda hakigusi umeme wa tumbo. Nasema kwa rekodi za namna hii hatuwezi kujua.

Mapendekezo, ambayo ni yangu na si msimamo wa idara yangu. Mosi, mstari ghafi uhifadhiwe. Pili, awepo mtu kando ya kitanda wa kuandika kila kikohozi na kila kujigeuza, pamoja na dakika yake. Tatu, vipande vilivyoharibika vikatwe kabla ya hesabu, si baada ya kuona jibu. Nne, kidonda kithibitishwe kwa kamera ya kuingizwa tumboni, siyo kwa maelezo ya kiungulia. Tano, na hili ndilo zito, kundi la kulinganisha liwe la watu wenye maumivu ambao kamera imeonyesha hawana kidonda. Sita, dawa zinazochochea mwendo wa tumbo, kama metoklopramidi, zisimamishwe kwanza kwa idhini ya daktari anayemtibu mgonjwa. Saba, mstari ghafi uhifadhiwe; narudia makusudi. Nane, hadi hayo yatimie, kipimo hiki cha umeme wa tumbo kisitumike kumwambia mtu kuwa ana kidonda, wala kwamba amepona.