Sura ya Simu Ina Bei Gani?



Kesi ya Apple na Samsung husimuliwa kama kisa cha mwizi na mwenye mali. Jioni hii naomba tuiweke kando hoja ya nani alimwiga nani, tushike swali lililozihangaisha mahakama za Marekani kwa miaka saba: ikishathibitika kuwa umeiga sura ya kitu, ulipe kiasi gani?

Apple ilifungua kesi Aprili 2011 huko California, na ikasikilizwa na Jaji Lucy Koh. Samsung nayo ikajibu kwa madai ya hataza zake. Wakati huohuo ndiyo iliyokuwa ikiiuzia Apple chipu za iPhone. Waliovutana mahakamani waliendelea kufanya biashara. Agosti 2012 juri iliamua Samsung ilipe zaidi ya dola bilioni 1.

Hataza zilizobishaniwa zilikuwa za aina mbili. Zipo zilizolinda uvumbuzi, kama ule ukurasa unaoruka kurudi nyuma kidole kinapoufikisha mwisho. Nyingine zililinda mwonekano peke yake. Tuitazame moja, namba D618,677. Karibu yote ni michoro. Mstari usiokatika unaonyesha kinachodaiwa: uso bapa, mweusi, wenye pembe za mviringo. Sehemu nyingine za simu zimechorwa kwa mistari ya vipandevipande, yaani mwenye hataza hazidai.

Hapo ndipo penye utata. Sheria ya Marekani inamtaka aliyeiga umbo atoe faida yote aliyoipata kwa bidhaa iliyobeba umbo hilo. Chimbuko lake ni mazulia. Mwaka 1885 Mahakama ya Juu iliishusha fidia ya kiwanda kimoja cha mazulia hadi senti 6, kwa kuwa kilishindwa kuthibitisha ni faida ipi iliyotokana na nakshi. Bunge likaona waigaji wanaponea chupuchupu, likatunga sheria mwaka 1887. Kwa zulia, sheria hiyo inaeleweka, maana nakshi ndiyo inayomvuta mnunuzi. Simu je, yenye betri, kamera, redio na programu? Faida ya vyote hivyo ihesabiwe kuwa ya uso wake?

Samsung ilikata rufaa, na Desemba 2016 majaji wote wanane wa Mahakama ya Juu walijibu kwamba bidhaa inayozungumziwa na sheria yaweza kuwa sehemu tu ya kile kinachouzwa dukani. Kipimo cha kuitambua sehemu hiyo hawakukitoa. Kesi ikarudi California, Samsung ikisema dola milioni 28 zinatosha, Apple ikitaka zaidi ya bilioni 1. Mei 2018 juri ikatoa milioni 539, na kati yake 533 zilikuwa za maumbo. Kabla ya Samsung kushinda Mahakama ya Juu, fidia ya maumbo iliyobishaniwa ilikuwa milioni 399. Mwezi uliofuata wakapatana, na masharti yakabaki siri yao.

Ninalosisitiza ni hili: kanuni isiyo na kipimo humwachia mshindi hoja na kumtia hasara. Kampuni kubwa huweza kustahimili miaka saba ya mabishano. Fundi mwenye karakana ya watu watano hufilisika kabla ya hukumu.

Jambo hili linatuhusu. Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi, zikiwa nchi zenye maendeleo duni, zimepewa hadi Julai 2034 kabla ya kulazimika kutekeleza sehemu kubwa ya mkataba wa miliki ubunifu wa Shirika la Biashara Duniani. Kenya haimo katika nafuu hiyo. Muda huo utumike kuandika vifungu vya fidia vinavyomtaka mlalamikaji ataje sehemu ya bidhaa iliyoigwa, vinavyomruhusu mlalamikiwa aonyeshe faida iliyotoka kwingine, na vinavyomlazimu hakimu aiandike hesabu yake ndani ya hukumu. Tukinakili sheria ya mazulia kama ilivyo, tutakuwa tumenakili na kesi zake.