Mvua Bila Daftari Hupotea Bila Habari

(Mazungumzo ya maofisa wa elimu ya watu wazima na vikundi vya kisomo, Namtumbo)



Leo hatukuja kufundisha a, e, i, o, u. Hiyo mmekwisha kuimaliza. Tumekuja tuzungumze juu ya mvua. Wako watakaosema: "Mvua ni ya Mungu, nani ataijadili?" Ni kweli, hakuna mtu awezaye kuinyesha. Lakini kuipima tunaweza. Kuiandika tunaweza. Na serikali huamua mambo makubwa kwa kutazama vipimo hivyo: chakula kiuzwe au kiwekwe, mbolea ifike lini, bwawa lijengwe wapi, watu wahame au wabaki. Basi anayesema mvua haimhusu, anasema pia kwamba chakula chake hakimhusu.

Kwanza tutofautishe maneno mawili. Hali ya hewa ni mambo ya leo na kesho: jua, upepo, mawingu, mvua. Tabianchi ni desturi ya mahali kwa miaka mingi, na wataalamu huihesabu kwa miaka 30 au zaidi. Ukisema, "Jana Rwinga imenyesha," hiyo ni hali ya hewa. Ukisema, "Mkoa wa Ruvuma una msimu mmoja wa mvua, unaanza kama mwezi wa 11 na kuisha mwezi wa 4 au wa 5," hiyo ni tabianchi. Wenzetu wa Kilimanjaro na Mwanza wana Vuli na Masika, misimu miwili. Sisi tuna mmoja tu. Ukiharibika huo, hatuna wa pili wa kutuokoa. Ndiyo maana jambo hili kwetu ni zito.

Nani anapima? Zamani kazi hii ilikuwa ya idara moja ya Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ikaunda idara yake. Mwaka 1999 ikawa Wakala wa Hali ya Hewa, na kwa sheria ya mwaka 2019 ikawa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, ambayo kwa kifupi tunaiita TMA. Vipimo huchukuliwa vituoni, kama kile cha Songea. Tena kuna rada, kwa mfano za Dar es Salaam, Mwanza na Mtwara, na kuna satelaiti zinazotazama mawingu kutoka juu. Wataalamu wetu si wa kudharauliwa. Dk. Agnes Kijazi, aliyekuwa Mkurugenzi Mkuu wa TMA, alichaguliwa mwaka 2019 kuwa mmoja wa makamu wa rais wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani. Dk. Ladislaus Chang'a, naye wa TMA, alichaguliwa mwaka 2023 kuwa mmoja wa makamu wenyeviti wa jopo la mataifa linalochunguza mabadiliko ya tabianchi, lile lililoundwa mwaka 1988.

Sasa basi, tuone serikali inayoamua bila kupima inapatwa na nini.

Wazee wanaukumbuka au walisimuliwa ule mpango wa karanga. Baada ya vita kuu ya pili, Waingereza walikosa mafuta ya kula. Mwaka 1946 walituma watu kuja kuichunguza nchi yetu. Uchunguzi ulichukua wiki 9 tu, na sehemu kubwa waliitazama ardhi wakiwa ndani ya ndege. Mwaka 1947 matrekta yakaletwa Kongwa, kisha Nachingwea huku kusini, na Urambo. Nia ilikuwa kulima zaidi ya eka milioni 3. Lakini Kongwa hapakuwa na vitabu vya mvua vya miaka mingi vya kutegemea. Mvua ya Kongwa ni kidogo, tena haina ahadi. Jua likapiga, udongo ukawa mgumu kama saruji, karanga zikashindwa hata kung'olewa. Mwaka 1951 serikali ya Uingereza ikaufuta mpango, na pauni zipatazo milioni 36 zikawa zimepotea. Pesa ilikuwapo. Matrekta yalikuwapo. Kilichokosekana ni daftari la mvua, na masikio ya kuwasikiliza wenyeji.

Tutazame na upande wa pili, pale vipimo vinapofanya kazi. Tarehe 15 Aprili 1952 kimbunga kiliipiga Lindi. Siku zile hapakuwa na satelaiti ya hali ya hewa. Ya kwanza ilirushwa mwaka 1960. Sasa linganisheni na mwaka 2019. Mwezi wa Aprili kimbunga Kenneth kilionekana baharini siku kadhaa kabla hakijafika. TMA ikatangaza, na watu wa Mtwara wakaambiwa wakae mahali salama. Tarehe 25 kimbunga kikaingia Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma. Mei 2024 kikaja kingine, Hidaya, kikafika karibu na Mafia tarehe 4. Tangazo lilikuwa limetolewa mapema, na vyombo vya kwenda Zanzibar vikazuiwa kusafiri. Mvua zake ziliikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam huko Kilwa. Barabara ile ikikatika, njia ya lami inayobaki kwa watu wa Lindi na Mtwara ni hii yetu: Masasi, Tunduru, Namtumbo, Songea. Mnaona? Kimbunga cha Mafia kinaleta magari mlangoni petu.

Lakini tangazo peke yake halitoshi. Mwaka 2023 TMA ilitangaza mapema kwamba El Niño inakuja. El Niño ni hali ya maji ya bahari ya Pasifiki, mbali sana na hapa, kupata joto kuliko kawaida na kuvuruga upepo na mvua za dunia. Mvua zikaja kweli. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe vilishuka kutoka mlima Hanang vikaifunika sehemu ya Katesh, na zaidi ya watu 80 wakafa. Kutabiri kwamba msimu utakuwa na mvua nyingi ni jambo moja. Kujua ni mlima gani, siku gani, na nani awahamishe watu, ni jambo jingine. Hapo ndipo utafiti unapopaswa kukabidhiana kazi na wilaya, kata na kijiji. Wakiachiana mkono, watu wanakufa.

Na sisi wa Ruvuma, El Niño inatufanya nini? Sikilizeni vizuri, maana hapa wengi hukosea. Mara nyingi El Niño huleta mvua nyingi kaskazini mwa Tanzania na Kenya, na huleta ukame Zambia, Malawi na Zimbabwe. Sisi tuko katikati ya pande hizo mbili. Kwa hiyo dalili zake kwetu si za wazi. Mwaka mmoja tunaweza kwenda na wa kaskazini, mwaka mwingine na wa kusini. Basi ukisikia redioni El Niño inakuja, usikimbilie kusema, "Mwaka huu mafuriko." Subiri utabiri wa Msimu unaoitaja Ruvuma kwa jina.

Jambo hili linaingia hadi ghalani. Msimu wa 2023/24 jua liliwaka Zambia hata Rais Hakainde Hichilema akatangaza tarehe 29 Februari 2024 kwamba ukame ni janga la taifa. Karibu nusu ya eneo lililopandwa mahindi liliharibika. Tanzania ikakubali kuiuzia Zambia tani 650,000 za mahindi kupitia Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA. Mkoa wetu ni mmoja wa mikoa inayolisha ghala hilo. Kuuza ni vizuri. Jirani anakula, na mkulima anapata fedha za ada na mbolea. Lakini serikali inawezaje kujua kiasi cha kuuza na kiasi cha kubakiza? Lazima ijue mvua iliyonyesha na mvua inayotarajiwa. Ikikosea hesabu, njaa itabisha hodi kwetu. Tusisahau ukame wa miaka ya 1973 hadi 1975. Taifa lilinunua nafaka nchi za nje kwa fedha nyingi, tukaambiwa tufanye Kilimo cha Kufa na Kupona, na mwaka 1975 redio ikafundisha Chakula ni Uhai. Hesabu hiyo ya taifa inahusu pia kila nyumba. Baba anayeuza magunia yote mwezi wa 7, kabla utabiri wa Msimu haujatoka, anacheza bahati nasibu kwa matumbo ya watoto. Tena mama ndiye ajuaye debe moja linakaa siku ngapi. Asikilizwe kabla gunia halijapakiwa.

Haya, sasa tusome utabiri pamoja. TMA husema mvua zitakuwa "za wastani", "juu ya wastani" au "chini ya wastani". Wastani ni nini? Chukua mvua za miaka mingi, zijumlishe, gawanya kwa idadi ya miaka. Mvua iliyo kati ya asilimia 75 na 125 ya hesabu hiyo huitwa ya wastani. Tuseme mahali fulani wastani ni milimita 1,000. Ikinyesha 800, bado ni wastani. Ikinyesha 1,200, bado ni wastani. Ikinyesha 700, hiyo ni chini. Kwa hiyo usilalamike, "Walisema wastani, mbona mwaka huu si kama mwaka jana?" Wastani una uwanja mpana.

Tena wastani hausemi mvua itagawanyika namna gani. Msimu unaweza kufikisha milimita 1,000 na bado mahindi yakaungua, kama mvua ilikatika wiki 3 wakati wa kuchanua. Ndiyo maana kila baada ya siku 10 hutolewa taarifa nyingine, na kila siku kuna utabiri wa siku ile. Mvua ya kwanza ya mwezi wa 11 mara nyingine ni ya kudanganya. Inanyesha siku 2, watu wanapanda, kisha jua siku 14. Eka moja hula kilo 8 hadi 10 za mbegu ya mahindi. Mbegu ikiungua, fedha imeungua. Vivyo hivyo mbolea: ukiitia jioni na usiku ikanyesha mvua kubwa, umelisha mto.

Wazee watauliza, "Na dalili zetu?" Tunajibu: msizitupe. Miti inayochanua, wadudu, ndege na upepo ni vipimo vya watu waliotazama kwa miaka mingi. Kule magharibi ya Kenya, wazee wa ukoo wa Nganyi walikaa pamoja na wataalamu wa hali ya hewa, kila upande ukaleta utabiri wake, wakapatana, ndipo wananchi wakaambiwa. Shida ni moja: dunia inabadilika. Mwaka 2024 ulikuwa wa joto kuliko miaka yote tangu vipimo vianze. Mti unaweza kuchanua kwa joto, si kwa sababu mvua imekaribia. Basi dalili nazo ziandikwe. Mwaka huu mti umechanua tarehe ngapi? Mvua ikaanza tarehe ngapi? Baada ya miaka 10 tutajua ni dalili gani ya kweli.

Na hapa tunafika kwenye kazi ya kikundi. Tafuteni kopo lenye kuta zilizonyooka, mdomo na kitako viwe na upana mmoja. Liwekeni mahali pa wazi, mbali na miti na paa, lisianguke. Kila siku saa 3 asubuhi, pimeni kina cha maji kwa rula. Kina cha milimita 20 ni mvua ya milimita 20. Andikeni, mwageni maji, rudisheni kopo. Siku isiyo na mvua andikeni 0, maana 0 nayo ni habari.

Msidharau milimita 20. Milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Eka moja ni kama mita za mraba 4,000. Mara 20, ni lita 80,000, yaani mapipa 400 ya lita 200. Mapipa 400 kwa eka moja, kwa usiku mmoja!

Daftari hilo mwonyesheni afisa ugani. Lisomwe kwenye mkutano wa kijiji. Mvua ya Lusewa si lazima iwe mvua ya Songea mjini. Kijiji kisicho na kipimo husemewa na kipimo cha mbali. Ukipatwa na ukame, utadai chakula kwa maneno matupu. Mwenye daftari hudai kwa tarakimu, na tarakimu hazikatizwi kwa urahisi.

Ndugu zetu, kisomo mlikipata ili kiwasaidie. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Sisi tunaongeza: na ushahidi wake ni daftari.

Maswali ya kujadili katika kikundi:
1. Nani atasoma kopo, na nani atamsaidia akiugua?
2. Wastani wa mahali ni milimita 1,100. Mvua ya milimita 800 iko katika wastani, au chini yake? Fanyeni hesabu.
3. Nyumba ya watu 6 ibakize magunia mangapi kabla ya kuuza?
4. Kijiji chetu kikitangaziwa mvua kubwa, nani atawaambia walioko mabondeni, na kwa njia gani?